Hodi ya Mtu Asiyesema

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelala, nakujibu: nilikuwa nimesimama. Nilisimama kando ya televisheni sebuleni kwa Mama Mkubwa, hapa Ladywood, na ndani mlikuwa na watu wazima watatu na mtoto mmoja, wote macho. Wote wako hai hadi leo. Waulize, watakwambia kweli mgeni alikuja. Tunachotofautiana ni huyo mgeni alikuwa nani. Wao wanasema alikuwa mzee mpole mwenye adabu zake. Mimi nilimwona vizuri kuliko wao, kwa sababu utakayoielewa baadaye, na ndiyo maana nimekaa chini kuandika, ingawa kuandika kwangu ni kwa polepole sana.

Nianze na Mama Mkubwa. Ni dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Yeye ndiye aliyenileta Birmingham nikiwa nimemaliza shule ya msingi kule Voi na sina pa kuendelea. Anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba yao ya kulelea, na Jumamosi ni siku yake ya kupumzika. Mimi naosha magari. Si msemaji. Nikiwa kwenye basi na mtu amesimama mlangoni, ni afadhali nipitilize kituo changu nirudi kwa miguu kuliko kumwomba anipishe. Hivyo ndivyo nilivyo, au ndivyo nilivyokuwa.

Abdi ndiye aliyetuletea zile filamu. Tunaosha magari pamoja. Ni Msomali aliyekulia Nairobi, akapitia Uholanzi kabla ya kufika hapa, na sasa anakaa Shard End. Siku moja alipita kwenye duka la mitumba Kings Heath akakuta kasha la diski za filamu za kutisha za zamani, zile nyeusi na nyeupe, akalinunua zima. Akatangaza kwamba msimu wote wa majani kuanguka tutakuwa tunazitazama kila Jumamosi, moja baada ya nyingine, kuanzia mchana mpaka tuchoke. Aliita marathoni. Mama Mkubwa akasema yeye hakimbii popote na magoti yake haya, lakini akipewa kiti na chai atakuwepo.

Shida ilikuwa lugha. Mama Mkubwa anajua Kiingereza cha kazini, cha dawa na vitanda, lakini kile cha filamu za zamani, kinachosemwa kama mtu ana mafua, kinampita. Na rafiki yake Mama Bea, Mkongo wa Lubumbashi anayekaa ghorofa mbili chini yetu, ana Kiswahili na Kifaransa tu. Kwa hiyo lazima mtu atafsiri. Abdi alijaribu, akawa anacheka kabla ya watu kufa. Ndipo nikajikuta nimeshika kazi ile mimi.

Kama umekulia Kenya au Tanzania unaijua. Voi kulikuwa na ukumbi wa video, banda la mabati, na pembeni alikaa bwana mmoja, tuliyemwita DJ, na maikrofoni yake. Hakuwa anatafsiri hasa. Alikuwa anawasemea. Mzungu akifungua mdomo, sauti ni yake yeye. Mzungu akinyamaza, yeye hanyamazi, anampa maneno, anampa jina, anampa hata deni la unga. Ukinyamaza kwenye kazi ile watu wanapiga miluzi. Nilimsikiliza miaka yote ya utoto wangu, na niamini, taa zilipozimwa pale Ladywood na mimi nikasimama kando ya televisheni nikiwatazama watu wangu, maneno yalitoka. Kinywa kilikuwa cha mwingine, giza lilikuwa langu. Sikuona haya hata kidogo.

Maikrofoni nilipewa na Pendo. Pendo ni mjukuu wa Mama Mkubwa, alikuwa na miaka sita, na maikrofoni yake ilikuwa ya kuchezea, ya rangi ya waridi, yenye kurudiarudia sauti ukiongea. Ni mtu pekee niliyekuwa siogopi kuongea naye. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na jambo hilo lilikuwa linamuuma Mama Mkubwa kama jino. Mama yake Pendo ni muuguzi, na Jumamosi nyingi alikuwa zamu, Pendo akilala kwetu mpaka Jumapili. Akimleta asubuhi hakuwaambia wakubwa. Alikuwa ananivuta mimi pembeni na kusema, "Hawa watasinzia. Pendo nimekuachia wewe."

Nilikuwa najivunia maneno hayo. Nani mwingine aliwahi kuniachia kitu?

Sasa sikiliza. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya saa kurudishwa nyuma, kama wafanyavyo hapa kila baridi inapokaribia. Unajua inavyokuwa, saa kumi na moja jioni nje ni giza tupu, na siku hiyo ilikuwa mvua ile nyembamba isiyochoka. Tulikuwa tumeshatazama filamu mbili. Ya tatu Abdi aliitoa chini kabisa ya kasha, diski isiyo na jalada, na maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa kushikwashikwa.

Hadithi yake ilikuwa ndogo. Mama mjane anakaa peke yake kwenye nyumba kubwa. Kila jioni mvua inanyesha, na kila jioni mwanamume mrefu mwenye koti refu anakuja na kusimama kizingitini. Hagongi. Hasemi. Anasimama tu ananyeshewa, amevua kofia ameishika kifuani. Yule mjane anamchungulia dirishani, anatetemeka, hafungui. Basi. Anaondoka, kesho yake anarudi. Hicho ndicho kilichokuwa kinatisha, kwamba hana anachosema.

Lakini mtu asiyesema ni mzigo kwa mtafsiri. Mjane nilimpa maneno, nikampa jina la Mama Saumu, nikamfanya alalamike juu ya bili ya gesi, watu wakacheka. Yule bwana nilimwacha. Kuna kitu kilinizuia, sijui nikiiteje. Alipokuja mara ya pili Abdi akaanza kunichokoza.

"DJ, vipi huyu jamaa? Ni bubu ama umechoka?"

Mama Mkubwa naye akasema maskini, mtu wa watu anaachwa kwenye mvua hivyo. Wakati huo Mama Bea alikuwa ametoka. Alikuwa ameshuka kwake kuchukua mandazi, yale madogo ya mviringo ya Kikongo, na kwa kuwa mlango wetu hujifunga wenyewe, aliweka ndala yake katikati ili asipate tabu ya kubisha akirudi.

Bwana akaja mara ya tatu. Akasimama. Kamera ikamsogelea mpaka uso wake ukajaa kioo, maji yakimtiririka puani, na nikaona Abdi ameshaweka vidole mdomoni apige mluzi. Nikainua maikrofoni. Nikamtafutia sauti, nzito, ya taratibu, yenye kupumzika kidogo kabla ya neno la mwisho. Nikasema:

"Hodi wenyewe. Nimelowa mpaka mifupani. Nisogezeni… motoni."

Na Mama Mkubwa, birika mkononi, macho kwenye kikombe, akajibu kama anavyojibu hodi zote za maisha yake:

"Karibu, baba. Pita ndani."

Tulicheka sana. Abdi aliupiga mkono wa kiti. Pendo alicheka kwa kuwa sisi tumecheka. Mimi niligeuka kutazama kioo nijue nitasema nini baada ya hapo, nikaona kizingiti, nikaona mvua, nikaona mwanga wa taa juu ya mlango. Mtu hayupo. Nikadhani sehemu ile imekwisha.

Ndipo ukumbini ndala ikasukumwa kwa mguu.

Nilijua ni Mama Bea. Aliyeingia alikuwa mwanamume mrefu, koti lake likidondosha maji, kofia ameishika kifuani. Akasimama mlangoni mwa sebule akasema, "Salama humu?" Na sauti aliyosema nayo ilikuwa ile niliyotoka kumpa. Si kama ile. Ile yenyewe.

Utasema, kwa nini hamkumuuliza? Wewe ungeuliza? Mzee amekuja kwenu, amelowa, amesalimu kwa Kiswahili safi. Kwetu mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajapata hata chai. Mama Mkubwa alidhani ni mgeni wa Mama Bea, kwa sababu mlango umeachwa wazi na Mama Bea. Abdi alidhani ni mtu wa kanisani kwao Mama Mkubwa. Kila mmoja akampisha kwa heshima ya mwenzake. Mama Mkubwa akamwonyesha kiti cha Mama Bea, kile kilicho jirani na hita, akamtilia chai ya tangawizi kwenye kikombe chake kikubwa chekundu, ambacho hata mimi sikuruhusiwa kukitumia. Akamwambia Pendo amwamkie.

Pendo alinong'ona shikamoo akiwa nyuma ya mto.

"Marahaba, mjukuu," mgeni akasema. Kisha akanitazama mimi. "Endelea, kijana. Unasema vizuri."

Nifanye nini? Nikaendelea. Nilijiambia ni mzee tu, na sauti zinafanana.

Hapa nikueleze nilivyokaa, maana ndiyo siri yenyewe. Mtazamaji anatazama kioo. Mtafsiri anasimama kando ya kioo anawatazama watazamaji, anageuka tu mara mojamoja. Kwa hiyo wote walikuwa wameelekeza nyuso kwenye filamu, na mimi peke yangu nilikuwa nimeelekeza uso kwao. Taa zilikuwa zimezimwa. Ule mwanga wa filamu ya zamani unampaka kila mtu rangi moja, ya majivu. Mama Mkubwa majivu, Abdi majivu, mto majivu. Mgeni naye alikuwa majivu, na hakukuwa na ajabu yoyote.

Mama Bea akarudi na bakuli lake, mikono imejaa, ndala akaiacha palepale mlangoni. Alipomkuta mtu kwenye kiti chake hakunung'unika, akamsalimu, "Karibu, papa," akapita kwenda jikoni kutafuta sahani. Akawasha taa ya jikoni. Mlango ulikuwa wazi, na mwanga ukakata sebule katikati.

Leso ya Mama Mkubwa ikawa nyekundu na njano. Sweta ya Pendo ikawa ya kijani, ile aliyofumiwa na bibi yake wa upande wa baba. Soksi za Abdi zikawa na rangi zake za aibu. Kikombe kikawa chekundu kama nyanya. Na mkono uliokishika kikombe ulibaki majivu. Ulibaki vilevile, kuanzia kucha mpaka kwenye pindo la koti, na koti mpaka shingoni, na shingo mpaka kwenye macho. Mwanga ulimwangukia usimpe rangi yoyote. Alikuwa ameketi kati ya watu wangu kama picha iliyokatwa kwenye gazeti la zamani ikabandikwa.

Mama Bea akazima taa, akaja kukaa sakafuni. Wote wakawa majivu tena.

Ningesema nini? Kwa nani? Unafikiri ni rahisi kumwambia mama yako mkubwa mbele ya mgeni kwamba mgeni wake hana rangi?

Filamu ikaendelea, na mimi nikaendelea kuisemea. Yule mjane sasa alikuwa amefungua mlango wake. Alikuwa anaongea na kizingiti kitupu, anatikisa kichwa, analia, ananyoosha mkono anashika hewa.

"Sasa huyu mama anaongea na nani?" Abdi akauliza.

"Na mimi," mgeni akasema.

Abdi akacheka. Alidhani mzee naye ana utani wake.

Kisha mgeni akaweka kofia kichwani. Alisema amepata joto, anashukuru, sasa inambidi arudi, mvua bado inamsubiri. Akasimama. Na akauliza kitu ambacho Mama Mkubwa alikuwa anangoja kuulizwa tangu aje nchi hii.

"Nani atanisindikiza?"

Lazima uelewe. Kila siku Mama Mkubwa alikuwa analalamika kwamba hapa mgeni anafunguliwa mlango, unafungwa nyuma yake, basi. Kwao Taita mgeni husindikizwa mpaka njia zinapoachana, na humo njiani ndimo hasa mnamoongea. Niliona uso wake ukifurahi. Abdi akainuka, akasema gari lake liko chini, atamshusha mzee popote anapokwenda. Mgeni akamwekea mkono begani, akamkalisha.

"Kaa, mwanangu. Huyu mdogo… ananitosha."

Alikuwa anamtazama Pendo.

Pendo akikutana na mgeni huwa anajificha mpaka mgeni aondoke. Nilingoja ajifiche. Alishuka kwenye kiti, akaweka mto pembeni vizuri, akavaa viatu vyake, akampa mkono.

"Umeona mtoto mwenye adabu?" Mama Mkubwa akamwambia Mama Bea. Na kwa Pendo, "Haya, msindikize babu mpaka kwenye lifti, mama."

Mlango wa ukumbini ulikuwa bado wazi, na taa ya nje kwenye korido ikawa inawaangukia. Nilikuwa naona vizuri. Sweta ya kijani. Mahali vidole vya mgeni vilipomshika, kijani kilikuwa kinaondoka. Kilianza kwenye pindo la mkono, kikapanda, taratibu kama chai inavyopanda kwenye mkate, na nyuma yake kikaacha majivu. Kilipofika kwenye kiwiko, Pendo aligeuza kichwa akanitazama, na uso wake haukuwa na hofu. Haukuwa na chochote.

Nilisema, "Mama…" Sauti yangu mimi mwenyewe, ile ya kwenye basi. Haikufika hata kwenye meza.

"Usimkatize mgeni," Mama Mkubwa akasema.

Hatua chache tu na watakuwa nje. Mama yake Pendo alikuwa wodini anageuza wagonjwa wa watu, akijua mtoto wake ameniachia mimi. Na mimi sikuwa na mdomo. Nilikuwa na kile kijidude cha rangi ya waridi mkononi, na kwenye kioo, kizingiti kitupu, mvua, taa juu ya mlango.

Nikakiinua. Sikumtazama yeye, nilitazama kizingiti. Nikatafuta ile sauti nzito, na nikasema kama ninavyowasemea wote:

"Nashukuru kwa chai, wenyewe. Mkono wa mtoto… nauacha."

Nikageuka. Mdomo wake ulikuwa umefuata maneno yangu. Ulikuwa bado wazi kwenye neno la mwisho. Na vidole vyake vilikuwa vinafunguka, kimoja kimoja, jinsi unavyomfungua mtu aliyelala akiwa ameshika kitu. Mkono wa Pendo ukaanguka ubavuni mwake.

Mgeni alinitazama. Sitaki kueleza alivyonitazama.

"Njia naijua," nikasema, na mdomo wake ukasema. Maikrofoni ilikuwa inayarudiarudia maneno kwa ile sauti yake ya kitoto, na nyuma yake nikawa nasikia mwangwi mwingine, mzito, kutoka mlangoni. "Naenda peke yangu. Mtoto anabaki kwao. Naenda zangu sasa."

Akaenda. Alitembea kinyumenyume, macho yake kwangu, hadi ukumbini, hadi kwenye ndala. Abdi akapiga makofi. Alidhani mzee na mimi tumepanga mchezo. Nikavuta pumzi nimalizie. Lilikuwa limebaki neno moja tu, kwamba sirudi tena. Nilisema, "Kwaherini, wenyewe, nami…"

"Karibu tena, baba," Mama Mkubwa akasema.

Hakuwa na ubaya. Ndivyo mtu anavyoagwa. Umewahi kumuaga mgeni bila kusema hivyo? Linatoka lenyewe.

Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Wake ukafunguka wenyewe, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Ahsante, mama. Nitakuja."

Akaisogeza ndala kwa mguu, mlango ukajifunga. Nilimrukia Pendo nikamshika. Mkono wake ulikuwa baridi kama bomba la nje. Nilipofungua mlango, korido ilikuwa tupu na kavu, na lifti ilikuwa imesimama kwenye ghorofa yetu, wazi, haina mtu.

Niliporudi walikuwa wanamsifu. Mama Mkubwa akamwambia Mama Bea kwamba mgeni wake ana adabu za watu wa zamani.

"Wangu?" Mama Bea akasema. "Miye nilifikiri ni wa Abdi."

Abdi akasema yeye hamjui, si ni mzee wa kanisa lao? Wakacheka. Kisha Mama Bea akasema hapana, mutu ule ni wa Lubumbashi, anaongea sawa baba yake kabisa. Mama Mkubwa akasema Lubumbashi gani, yule ni Mtaita wa milimani, aliongea kama marehemu babu yangu. Abdi alikuwa ameacha kucheka. Akasema polepole kwamba yeye alimsikia akiongea kama wazee wa Eastleigh kule Nairobi, wale waliokuwa wananunua chai dukani kwa baba yake. Mama Bea alipoondoka alimwomba Abdi ashuke naye ngazi.

Kikombe chekundu hatukukiona tena. Wiki iliyofuata, mchana kweupe, mimi na Abdi tuliiweka ile diski tuhakikishe. Mjane yupo. Mvua ipo. Bwana amerudi kizingitini, amesimama vilevile, kofia kifuani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameshika kikombe kikubwa, kinafuka moshi kwenye mvua. Abdi akasema labda tangu mwanzo kilikuwepo, hatukukiangalia. Akavaa koti lake akaenda Shard End. Kasha zima la filamu ameniachia mimi, na hajawahi kuliulizia.

Usiniambie niichome hiyo diski. Nimewaza. Ukiichoma nyumba ya mtu, huyo mtu atakaa wapi? Nimeizungushia leso na kuiweka juu ya kabati.

Ile sweta Mama Mkubwa anasema ni mashine ya kufulia ndiyo iliyoiharibu. Mkono mmoja majivu hadi kwenye kiwiko. Sawa, iwe mashine. Lakini kesho yake asubuhi alimuuliza Pendo kama anataka uji zaidi. Na Pendo, ambaye hakuwahi kumjibu mtu Kiswahili tangu azaliwe, akaweka kijiko chini akasema:

"Nashukuru, nyanya. Nimeshapata… joto."

Mama Mkubwa alilia kwa furaha. Alipiga simu Voi nzima. Mama yake Pendo alipotoka zamu alimkumbatia mtoto, halafu akanishika mkono mimi na kusema nimefanya kazi nzuri, filamu zangu zimemfundisha. Na kweli Pendo sasa anaongea Kiswahili kizuri kuliko wote humu ndani. Kila mtu anamsifu. Hakuna anayesikia kwamba hupumzika kidogo kabla ya neno la mwisho. Mtindo huo sikuusikia Voi, wala kwa mtu yeyote. Niliubuni mimi, jioni ile, nikampa mtu aliyekuwa hana sauti.

Majani yameanza kuanguka tena. Jana ilinyesha, na nilimkuta Pendo dirishani, paji la uso kwenye kioo, anatazama chini kwenye kiwanja cha magari.

"Nyanya," akasema, "yule babu… amelowa."

"Yupi, mama?" Mama Mkubwa aliuliza kutoka jikoni. "Kama ni mtu wa watu mwambie apande, apate chai."

Nilifika dirishani kabla mtoto hajafungua mdomo. Nikavuta pazia. Chini sikuangalia.

Siku hizi nasema. Mimi niliyekuwa nashindwa kuomba njia kwenye basi, sasa nawakatiza wakubwa mbele ya wageni. Mtu akianza kuaga, namwahi Mama Mkubwa, nasema safari njema kwa sauti kubwa, nafunga mlango, naweka makomeo mawili niliyoyafunga mwenyewe. Watu wanasema kijana ameharibika, Uingereza imemtoa adabu. Waseme.

Na wewe unayesoma, mwenye desturi kama zetu, nisikilize. Hodi ikipigwa, inua macho utazame mlango kabla hujajibu. Mtu uliyemkuta hana maneno, usimpe. Na akiondoka mgeni ambaye hakuna mtu humo ndani aliyemleta, muage upendavyo, ila lile neno la mwisho tulilozoea, limeze. Mama Mkubwa hakulimeza. Ndiyo sababu leo jioni, mvua ikiwa inanyesha, nimeweka kiti changu ukumbini, mgongo kwenye mlango, na Pendo ameketi mbele yangu na ile maikrofoni yake, ananiuliza kwa Kiswahili kizuri kabisa kwa nini sitaki kupisha.

Sipishi.